Sashe Nyeusi kwa Kona ya Tablo

Wandugu, nitawaelezea, lakini mucheke polepole, juu bibi yangu iko hapo nyuma anachagua maharagi na yeye hii habari bado haijamuchekesha mpaka mwisho. Mimi njo ule mutu wa Keshero mwenye alifanyia kilio mutu mwenye hajakufa. Na si kwamba nilidanganywa na mutu, hapana, ni mimi mwenyewe kwa mikono yangu nilipanga viti, nikasimamisha picha, kisha nikaanguka chini ya ile picha na nikalia kuliko wote, nikagaragara juu ya makoro (yale mawe nyeusi ya volkano, mwenye hajawahi kugaragara juu yake asijaribu, yanakata sawa wembe) mpaka shati nilikuwa nimepiga pasi kwa ajili ya furaha ikapasuka mugongo wote. Mpaka leo kuna mama mumoja wa avenyu yetu akiniona nimevaa vizuri ananiuliza: "Papa, leo ni nani?"

Mimi wananiita Pinso. Jina ya batizo iko, lakini nafikiri ata padri ameisahau. Masomo niliacha katikati: vita moja ilikuya tuko kwa darasa, tukatoka wote mbio, na mimi njo ule mwenye hakurudia kuangalia kama kengele ililia tena. Kazi yangu ni kuchora kwa milango ya watu: kinyozi, butike, fundi wa telefone. (Kuna kinyozi mumoja nilimuchorea kichwa ya muanaume kwa mulango wake, kisha wateja wakaanza kumuambia: "Unikate, lakini si sawa ule.") Donke munaona, si fundi mukubwa, lakini roho ya kazi iko.

Sasa kwetu nyumbani alikuwa anaishi bopere wangu, baba ya bibi yangu Kavira. Muzee Kasereka. Alikuwa na shamba ya kahawa kule Rutshuru, juu kwa kilima, vita ikamusukuma, akashuka na miguu na watu wengine wengi, barabara ikawatawanya, kila mutu na njia yake, na yeye akatokea kwetu mangaribi moja na kofia kwa kichwa na kifuko ya kahawa kwa mukono, basi, hivyo njo vitu alibaki navyo kwa maisha yote. Tukamupatia kitanda, mimi na Kavira tukahamia salo, chumba ya kupokelea wageni (na salo yetu ukitandika mukeka, mulango haifunguke tena, mwenye anataka kutoka lazima aruke mwenye analala).

Muzee hakuwa mubaya. Ni kunyamaza kwake njo kulitumaliza. Asubuhi anaikala juu ya bido ya manjano, ile ya kuchotea maji, kwa mulango, anaangalia mulima Nyiragongo. Mangaribi bado anaangalia. Unamuambia: "Papa, utoke kidogo utembee." Anakujibu: "Nitembee niende kwa nani? Huku sijulikane. Ata nikifa huku, mutakopa watu wa kunibeba." Unamuletea chai, anasema asante, chai inapoa. Kavira anamusimulia habari za soko, za watu waliopigana juu ya samaki, vitu vya kuchekesha kabisa, mimi nacheka mpaka nakohoa, yeye anaangalia mulima.

Kisha akatuambia kwamba jumatatu anapanda. Anarudia kwake. Tukamuambia: papa, kule wanapigana! Akasema kahawa haijue kama kuna vita, ikiiva imeiva. Na si maneno tu, kulikuwa wazee wenye walipanda vile vile kuangalia mashamba yao, na wengine mpaka ile siku tulikuwa bado tunawangojea.

Kavira akanivuta kwa jikoni.

"Pinso, papa akipita Kibati kwa barabara ya Rutshuru, mimi sitamuona tena. Nimelia mbele yake, amekataa. Wewe pia ni mutoto wake. Fanya kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu ya kumuonesha kwamba huku pia iko na watu."

Mutu mwingine mwenye akili angeita wazee, ao angeita padri. Mimi nilifikiri nikiwa napakua bugali, nikaona mwanga: huku hajulikane? Nitamujulisha! Nitachora tablo ya sura yake, kubwa, niisimamishe kwa mulango ya parsele, kiwanja yetu, jumamosi, nialike avenyu yote wakuye kuangalia, na muzee akirudia kutoka kwa mambo yake akute watu wanamupigia makofi. Ekspozisio! Mimi nilikuwa nimeona moja tu kwa maisha yangu, na nilikuwa nje ya dirisha, lakini nilielewa: picha, viti, watu, muziki kidogo.

Shida ni kwamba rangi haikuwa. Barabara zilikuwa zimefungwa, kopo moja ya rangi iliuzwa bei ya mbuzi. Basi nikasema nitachora na nyumba. Ndiyo, na nyumba! Nikachukua kartoni kubwa, nikaanza kuzunguka na kukusanya. Ngozi ya muzee nikaitoa kwa kahawa yake mwenyewe, kijiko moja tu (bon, mbili, bon, muache kunihesabia), nikakoroga na maji ya moto, ikatoa rangi yake kabisa, ile ya mutu mwenye jua imemujua. Kivuli nikapiga na makala ya kusaga. Nywele majivu ya mbabula, jiko yetu ya makala. Ndevu ni musitikere ya zamani, ile chandarua yenye ilikuwa inaingiza mbu kuliko kuizuia, nikaichanachana ikawa ndevu nyeupe safi. Mikunjo ya uso, nyuzi za gunia. Kofia, kipande ya suruali yangu ya ndoa, juu haikuwa inanifunga tena. Macho ni vifungo viwili vya blauzi ya Kavira ya misa, vile vya nyuma, nikasema havionekane.

Na kole ya kushika yote hiyo? Bugali, wandugu. Unga ya muhogo ukiipika nyepesi, inashika kartoni kuliko kole ya duka. Pua nikaifinyanga na bugali ngumu, nikaipakaa kahawa. Ile siku Kavira akarudia kutoka soko na njala, akafunua sufuria.

"Pinso, bugali iko wapi?"

"Iko kwa pua ya papa yako."

Nilifikiri atacheka.

Lakini siku aliona tablo yenyewe alisimama, akaiangalia, akasema polepole: "Ni yeye." Akagusa ndevu na kidole kimoja. Wandugu, ile neno ilinipa kichwa kubwa, na kichwa kubwa njo ilianza kuniharibia. Juu kweli alikuwa ni yeye, lakini mukumbuke: kahawa, makala, majivu. Hakuna ata tone moja ya nyekundu ao ya bulu. Muzee wangu alitoka kahawia na kijivu, mutulivu, sawa mutu kwa picha ya zamani.

Jumamosi asubuhi muzee akavaa kofia, akaenda kutafuta lori ya kumupandisha jumatatu. Kavira akabeba sahani yake akaenda Kituku, soko ya kwa ziwa, kununua sambaza, zile samaki ndogo, za kuuza. Mimi nikabaki na tablo, nikaitoa nje, na kona moja ya juu ikabanduka. Bugali ilikuwa imekauka na kupasuka, kartoni inakunjama sawa sikio ya mbwa. Musumari hakuna. Kamba hakuna. Nikaona sashe nyeusi, hii mufuko ya plastiki ya kununulia nyanya. Nikakata kipande ndefu, nikaipitisha kwa kona, hivi, ya kulala upande, nikaifunga nyuma. Ikashika! Nikarudia hatua kidogo nyuma nikaangalia, nikajiambia: Pinso, wewe akili iko.

Naona wengine wenu munashika kichwa. Ndiyo. Mimi mwenye nimekula maharagi ya kilio nyingi kuliko mupunga ya ndoa, mimi mwenye najua vizuri kwamba picha ya marehemu njo inafungwa utepe mweusi kwa kona, sikuona kitu. Mimi niliona kona. Mutu mwenye shida ya kona anaona kona.

Kisha wingu likatokea upande wa ziwa. Tablo ya kahawa na majivu ikipata mvua, muzee anageuka uji! Nikakimbia kulomba jirani bashe, ile plastiki nyeupe wanajengea vibanda kwa kambi, nikaifunga juu ya miti mine mbele ya parsele, na kipande ikaingia kidogo kwa barabara, haina shida. Nikaangalia nyuma ya tablo, nikaona choo chetu. Choo na muzee kwa macho ya mutu mumoja, ile haifai. Nikaenda kukata matawi ya ngazi, ile michikichi, nikayasimamisha huku na huku, yakaficha choo, yakapamba mulango. Vizuri kabisa. Bashe kwa barabara na matawi kwa mulango, kwetu njo alama ya kilio, lakini mimi niliona choo tu.

Ikabaki viti. Nikaenda kwa Deo, rafiki yangu, mwenye kukodisha viti vya plastiki na bafle ya muziki, kwa ndoa na kwa kilio. Nilimuongelesha kwa sauti ya chini, juu ilikuwa siri, sikutaka muzee asikie kwa barabara.

"Deo, nisaidie viti na bafle. Ni ya bopere wangu."

Deo akaacha kufagia. "Muzee Kasereka? Kuna nini?"

"Amekwisha jana mangaribi."

(Tablo! Tablo njo ilikuwa imekwisha! Kwetu mafundi tunasema hivyo: mulango umekwisha, kichwa imekwisha, muzee amekwisha.)

Deo akavua kofia. "Eh Pinso. Pole sana, ndugu yangu."

"Asante, kweli nimechoka, sikulala. Uso njo ulinisumbua."

"Uso?"

"Uso, ndugu, na pua. Lakini sasa ametulia, ukimuona utapenda."

Akaniangalia na huruma, mimi nikafikiri ni heshima. "Na watu wa kwao wanajua?"

"Sijui ata mumoja wao. Ukijua watu wa Rutshuru wenye wako huku, uwaambie wakuye. Saa nane."

"Nitawaambia wote," Deo akasema, na akalia kidogo. Nikaenda njiani najiambia: angalia, Deo anapenda sanaa, na mimi sikujua.

Deo akaleta viti, akapanga mistari. Akaweka bafle, akapiga nyimbo za kwaya, zile za polepole. Mimi nikaona ni sawa, ni muziki ya kutuliza watu wa tablo. Nikamuachia kazi, nikaingia ndani kuoga na kuvaa shati.

Njo niko na sabuni kwa macho nikasikia nje: "Uuuuui! Muzee Kasereka! Umekwenda bila kutuaga!"

Ni sauti ya Mama Riziki, mukubwa wa kikundi ya sala ya avenyu, mama mwenye kifua ya kuita watu wa Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, bila telefone. Sasa, wandugu, mujiweke pahali pangu. Asubuhi tulikuwa tumesikia mabomu mbali, upande wa kule juu. Muzee ametoka kutafuta lori, na telefone hana. Na mimi natafuta maji ya kutoa sabuni, nasikia mama mutu muzima analia kwamba muzee amekwenda. Unafikiri nilikumbuka tablo? Nilikumbuka barabara ya Kibati. Nilijiambia: hakungojea jumatatu. Alipata lori leo. Alipanda, na habari imeshuka.

Nikavaa shati juu ya sabuni, nikatoka.

"Mama Riziki, ni kweli?"

Akanikumbatia. "Ni kweli, mutoto wangu. Ujikaze."

Nikaanguka. Hapo kulikuwa bado watu wawili watatu wenye walikuwa wanaulizana pembeni: lakini muzee si alipita hapa asubuhi na kofia? Waliponiona mimi, mukwe wa nyumba, nagaragara kwa makoro na sabuni kwa masikio, hawakuuliza tena. Mama Riziki analia juu ameona picha, mimi nalia juu nimeona Mama Riziki, Deo analia juu ananiona mimi, na avenyu yote inatuona wote watatu. Hakuna mwenye alikuwa anadanganya, na hakuna mwenye alikuwa anajua kitu.

Nililia mbele ya ile tablo, nikamuita papa, nikamuomba musamaha juu ya kahawa. Na ata katikati ya kilio nikaona ndevu yake moja inabanduka na upepo, nikasimama, nikapakaa mate na bugali kidogo, nikaibandika, nikarudia chini nikaendelea kulia. Mama Riziki alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mukwe mwenye mapendo vile.

Kisha Kavira akafika.

Hapa, wandugu, tucheke kidogo kidogo. Alitokea kwa kona na sahani ya sambaza kwa kichwa, akaona bashe, akaona matawi, akaona picha, akaniona mimi chini. Angeona tablo tu, angejua, juu alikuwa ameiona nyumbani. Lakini alinijua mimi pia, na alijua sijawahi kulia ata siku naumwa jino. Sahani ikaanguka. Alitoa viatu, akavipanga, sijui kwa nini alivipanga, akakuya akaikala chini pembeni yangu.

"Asubuhi nilimuachia chai," akasema. "Alikunywa?"

"Sijui."

"Wamemuleta?"

"Bado."

Akanikamata shati, ile yenye ilikuwa imepasuka tayari, akaishika sana. Afadhali angenipiga.

Wakati ule watu wakaanza kufika wenye sikuwajua. Deo alikuwa ametuma habari na wasukuma chukudu, zile baiskeli za miti, mpaka kwa kambi, mpaka sokoni. Wanakuya na miguu yenye vumbi, mumoja na maharagi kwa kitambaa, mwingine na makala kidogo, mama mumoja na bido ya maji, watu wenye wao pia wanalala chini ya bashe, na wanaongea Kinande, luga ya muzee, na wanataja jina ya kilima ya muzee sawa mutu anataja jina ya mama yake. Shefu wa avenyu akasimama akasema mwenye iko na neno aseme.

Akatoka muzee mumoja mufupi, na fimbo, na buti ya mvua kwa muguu moja na kandambili kwa muguu mwingine. Akasimama mbele ya tablo.

"Kasereka," akasema, "mimi Kakule, jirani yako. Tuliachana kwa barabara siku ya risasi, nikajua ulikufa kule. Kumbe ulikuwa hapa Keshero! Na mimi niko pale Kituku, nashona nyavu za watu, mutu anaweza kutoka kwangu kukuja kwako wakati chai haijapoa, na hatukuonana!" Akajipanguza pua. "Sasa umekwenda, wacha nitoe hii kitu kwa roho. Ile mbuzi yako ya mabaka. Ulisema ni fisi. Haikuwa fisi, Kasereka. Ni mimi. Nilikula na watu wa kwangu, na ilikuwa na mafuta. Unisamehe huko uko."

Watu wote wakasema: eeeh. Mama Riziki akalia upya.

Na nyuma ya matawi ya ngazi, sauti ikatoka:

"NILIJUA!"

Ata bafle nafikiri ilinyamaza.

"Nilijua! Fisi gani inakula mbuzi na inaanika ngozi juu ya paa ya Kakule?"

Na muzee Kasereka akatokea katikati ya matawi, na kofia yake, na vumbi mpaka kwa nyusi, amenyosha kidole.

Wandugu! Mimi nimekimbia vita, nimekimbia volkano, lakini sijawahi kuona watu wa Keshero wanakimbia vile. Viti vikaruka. Shefu wa avenyu akaingia choo chetu akafunga mulango. Deo akajifunika bafle. Mama Riziki, na mwili wake wote ule na kikwembe ya kufunga kiuno imebana, tukamukuta juu ya ukuta ya makoro, na mpaka leo hawezi kueleza alipandaje. Kakule peke yake hakukimbia, juu na ile kandambili angekimbiaje. Alifunga macho akaanza: "Salamu Maria, umejaa neema..."

"Muache Maria apumuzike," muzee akamuambia. "Tuongee ya mbuzi."

"Kasereka, wewe ni muzimu?"

"Muzimu inasikia njala sawa hii?"

Kumbe muzee alikuwa amefika kitambo. Lori hakupata, akarudia, akakuta kilio mbele ya nyumba, na yeye ni mutu wa heshima, hakutaka kupita katikati ya watu wanalia, akasimama pembeni kwa matawi, nyuma ya tablo, akatoa kofia, akauliza mama mumoja: nani amekufa? Akamujibu: ni bopere wa Pinso. Na muzee (alitusimulia yeye mwenyewe) akaanza kujiuliza: kumbe huyu kijana iko na bopere mwingine? Kavira ni bibi ya pili? Akakasirika sana, akasema acha nisikilize mpaka mwisho nijue ni familia gani.

Kavira akasimama. Akaenda kwa baba yake na miguu mitupu, akamugusa mashavu, akamugusa masikio, sawa mutu anapima papai kwa soko. Kisha akamupiga kifua na ngumi mbili, kisha akaweka kichwa pale pale alipopiga, akabaki hapo. Muzee hakujua aweke mikono wapi. Akaiweka kwa kichwa yake.

Baadaye Kavira akageuka.

"Pinso."

Jina tu. Na avenyu yote ikageuka pia.

"Wewe njo uliniambia muzee amekwisha!" Deo akapiga kelele chini ya bafle.

"Tablo! Nilisema tablo!"

"Na utepe mweusi?" Mama Riziki, juu ya ukuta.

"Ni sashe ya nyanya, mama. Kona ilibanduka."

"Na matawi?"

"Ni kuficha choo!"

"Kwa nini munaficha choo?" Shefu, ndani ya choo.

"Na wewe mwenyewe," Mama Riziki akasema, "wewe mwenye ulijua ni tablo, ulikuwa unalia nini?"

Mimi nikajipanguza sabuni kwa sikio.

Muzee akakuya mbele ya tablo. Akainama, akanusa.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, papa."

"Inanuka kahawa yangu."

"Ni yako, papa. Kidogo tu."

"Na hii pua?"

"Ni bugali."

Akageuka kwa Kakule. "Umekosa kuniambia ukweli miaka yote ile, na ukaenda kutubu mbele ya bugali?"

Na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilijua nimemuliza. Kavira akanikamata mukono. Kumbe muzee alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha sauti ikatoka, kama pompi yenye haijatoa maji kwa muda, inakohoa, inakohoa, kisha inamwagika. Alicheka mpaka akaikala chini, na Kakule akaikala pembeni yake, na watu wakaanza kurudia mumoja mumoja, wanaokota viti, wanajifanya hawakukimbia.

Sambaza tukaziokota, tukaziosha mara nyingi. Maharagi ya kilio yakawekwa kwa moto, juu wenye waliyaleta walikataa kurudi nayo. Na muzee akazunguka kwa kila kiti: wewe unalala wapi? Na mama yako? Na ule mutoto wa kipofu, alivuka? Wengine aliwauliza akapata jibu, wengine aliwauliza wakaangalia chini, na yeye akasimama mbele yao, akanyamaza nao, kisha akaenda kwa kiti ingine. Mimi nilikuwa nabeba maji na sikuongea, ile siku nilikuwa nimeongea ya kutosha.

Jumatatu asubuhi lori ikakuya kweli. Muzee alikuwa ameipata kumbe kwa jumapili, alituficha. Dereva akapiga honi mbele ya parsele, Kavira akasimama kwa mulango na mwiko kwa mukono, mimi nikaangalia miguu yangu. Muzee akatoka na kofia, na kifuko yake. Akaikala juu ya ile bido.

"Unapanda, muzee?" dereva akauliza.

"Nenda," akamujibu. "Leo nangojea Kakule. Iko na kesi ya mbuzi ya kunijibu, na nikipanda atasema nimeikimbia."

Ile kesi, wandugu, mpaka leo haijakwisha. Wanaisikiliza kila wakati, siku nyingine kwetu, siku nyingine kule Kituku, wanaita mashahidi, wanagombana, wanakula, wanaahirisha. Ile tablo mimi nilitaka kuichoma, lakini muzee akakataa, akasema niitoe ile sashe, na kona ibanduke ikitaka.

Mimi nimeapa. Kuku nitachora, nyanya nitachora, samaki ya Kituku nitaichora na macho yake yote. Mutu, hapana. Juzi tu mama mumoja alinilomba nimuchoree bwana yake, nikamuuliza kwanza iko wapi. Akasema iko nyumbani, amelala. Nikamuambia: mama, nenda umuamushe, umulete, asimame hapa kwa barabara avenyu yote imusalimie na mukono, akohoe, watu wamusikie, njo nitawasha moto nipike bugali.